Sanamu Daima ni ya Jirani

Kutoka Maua hadi Siakago kuna rai moja ambayo mchungaji, mwalimu wa shule ya Jumapili au mgombea wa udiwani anaweza kuitoa mbele ya Waprotestanti wowote bila kupingwa: kwamba sanamu ni chukizo, kwamba mti wa mugumo ni makao ya mashetani, na kwamba nchi inayosimamisha minara ya watu waliokufa inajitafutia laana. Rai hii haitetewi tena kwa hoja kwa sababu hakuna anayeidai hoja. Hurudiwa matangani, kwenye mikutano ya injili na katika vikao vya kamati za maendeleo, na kila inaporudiwa huzidi kuonekana kana kwamba ilizaliwa siku moja na Mlima Kenya.

Tuieleze kwa haki kabla ya kuijibu. Kwanza, inasema, Maandiko yako wazi: sura ya 20 ya Kutoka inakataza kuchonga mfano wa chochote kilicho mbinguni, duniani au majini. Pili, mababa wa Matengenezo ya karne ya 16 walizitoa sanamu makanisani, na sisi tulioipokea injili kwa Waanglikana wa Kigari mwaka 1910, kwa Wamethodisti wa Kaaga mwaka 1912 na kwa Wapresbiteri wa Chogoria mwaka 1922 ni warithi wao. Anayetaka sanamu aende kwa Wakatoliki. Tatu, injili iliwatoa wazee wetu katika hofu ya kiapo, ya laana na ya mti ambao tawi lake halikatwi bila mbuzi kuchinjwa, na kukihifadhi kichaka cha miti hiyo ni kuirudisha hofu hiyo kwa kificho. Nne, mnara wa hadharani hujengwa kwa kodi ya wote, wakiwemo wasioutaka, na fedha hizo zingenunua dawa. Hizi ni hoja za watu wazima na zitajibiwa moja moja.

Ninachodai ni hiki. Uprotestanti wa Meru na Embu haujaishi bila sanamu hata siku moja. Unazo tele, umezizoea mpaka hauzioni, na amri ya pili huamshwa usingizini pale tu kumbukumbu inayohusika inapokuwa ya mtu asiye na wa kumsemea: mzee wa mila, mpiganaji wa msituni, mgeni wa dini nyingine. Sura za wenye nguvu hupita salama.

1. Amri inayosomwa nusu

Anayetegemea Kutoka 20 kwa kawaida huifunga Biblia kabla hajafika sura ya 25. Angeendelea kurasa chache angemkuta Mungu yuleyule, mlimani palepale, akimwagiza Musa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu na kuwaweka juu ya sanduku la agano, mahali patakatifu kuliko pote. Katika Hesabu 21 anaagiza nyoka wa shaba atundikwe mtini ili aliyeumwa amtazame na kupona. Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 7, hekalu la Sulemani lina birika kubwa lililobebwa na ng'ombe kumi na wawili wa shaba, na vitako vyenye simba, ng'ombe na makerubi. Kama amri ilikataza umbo lenyewe, basi aliyeitoa ndiye wa kwanza kuivunja, na hakuna mhubiri atakayethubutu kusema hivyo Jumapili. Kilichokatazwa ni kusujudu na kutumikia, kama mstari unaofuata unavyoeleza kwa lugha isiyohitaji chuo cha theolojia. Hata Hezekia, shujaa wa wavunjaji wote, alimponda yule nyoka wa shaba katika Wafalme wa Pili, sura ya 18, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Karne nyingi kabla ya hapo nyoka huyo alitunzwa, na hakuna mfalme wala nabii anayetajwa kulaumiwa kwa kumtunza.

Jibu la haraka huwa kwamba hayo yaliagizwa na Mungu, ilhali mnara wa kaunti haukuagizwa. Basi tusome Yoshua 22, sura ambayo ni nadra kuisikia mimbarini. Makabila ya Rubeni na Gadi na nusu ya Manase, baada ya kupewa urithi wao ng'ambo ya Yordani, walijenga madhabahu kubwa kando ya mto. Hakuna aliyewaagiza. Israeli wengine waliposikia walikusanyika Shilo tayari kwa vita, wakiwa na hakika kwamba ndugu zao wameasi. Lakini kabla ya kupiga, walimtuma kuhani Finehasi na wakuu kumi wakaulize. Wajenzi wakaeleza kwamba hapatolewi sadaka hapo. Ni ushahidi tu, ili siku za mbele watoto wa ng'ambo moja wasije wakawaambia wa ng'ambo nyingine kwamba hawana fungu kwa Bwana. Finehasi akaridhika, vita vikafutwa, madhabahu ikabaki. Na Finehasi si mtu wa kulegeza msimamo: ndiye yuleyule aliyewachoma mkuki wazinzi wawili katika Hesabu 25. Hata yeye aliuliza kwanza. Kisa hiki kina utaratibu mzima wa kushughulikia mnara unaotiliwa shaka, na hatua yake ya kwanza ni kuwauliza waliousimamisha unafanya kazi gani. Hiyo ndiyo hatua ambayo wavunjaji wetu huiruka, pengine kwa kuogopa kupewa jibu la kuridhisha.

2. Warithi wasioujua urithi

Hoja ya pili inajivunia ukoo, na ukoo wenyewe haukuwahi kukubaliana. Mjini Wittenberg, mwanzoni mwa 1522, mwanamatengenezo Karlstadt alihimiza sanamu ziondolewe na watu wakaanza kuzivunja. Luther, aliyekuwa mafichoni, alirudi Machi mwaka huohuo akahubiri siku nane mfululizo kuituliza fujo hiyo, na Septemba Agano Jipya lake la Kijerumani likatoka likiwa na picha za karakana ya Cranach. Zurich, mwaka 1524, makanisa yalisafishwa kweli, lakini kwa amri ya baraza la mji, milango ikiwa imefungwa na mafundi wakiwa kazini. Haikuwa kazi ya umati wenye mashoka na mwito wa usiku. Calvin, mkali kuliko wote, alikubali kwamba picha za matukio ya historia zinaweza kufundisha. Kwa hiyo anayesema Matengenezo yalikataa sanamu inafaa aulizwe: ya mji upi, ya nani, na mwaka gani?

Tuwatazame warithi mmoja mmoja. Injili ya Chogoria ilitoka Scotland, nchi ya John Knox. Geneva, mji wa Calvin, una ukuta ulioanzishwa mwaka 1909, miaka 400 tangu Calvin azaliwe, na hapo wamesimama Calvin, Farel, Beza na huyo Knox, wamechongwa kwa mawe, kila mmoja ana urefu wa takriban mita tano. Calvin aliagiza azikwe bila alama yoyote kaburini. Wafuasi wake wakampa kimo cha twiga. Wamethodisti nao hawakungoja hata John Wesley afe: mfinyanzi Enoch Wood alimfinyanga kichwa na mabega mwaka 1781, miaka kumi kabla ya kifo chake, na mwaka 1891 sanamu yake ikasimamishwa nje ya kanisa lake barabara ya City Road, London. Muumini wa Kaaga au Maua anayefundishwa kwamba sanamu ya mtu ni mwanzo wa upagani angepelekwa London kuona chimbuko la imani yake, angepigwa picha mbele ya sanamu.

Waanglikana wa Embu hawahitaji hata pasipoti. Hadi 1975 walikuwa dayosisi moja na wenzao wa Murang'a, na katika kanisa kuu la huko, la Mtakatifu James na Mashahidi Wote, kuna michoro mitano mikubwa ukutani iliyochorwa na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Yesu wa Njau ni Mwafrika, na nchi anayoishi na kufia ni nchi ya vilima hivi hivi vyetu. Kanisa lenyewe lilijengwa miaka ya 1950 kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Maana yake ni kwamba ni mnara wa kumbukumbu, umejaa picha, na unakumbuka wafu wa upande mmoja wa vita hivyo. Hakuna anayekwenda kuukemea. Kumbe Mprotestanti wa mlimani anajua vizuri sana kuwakumbuka wafu kwa jiwe na rangi, mradi wafu wawe wake.

3. Picha ambazo hazihesabiwi

Ingia sebuleni kwa mwenye kuhubiri dhidi ya sanamu, na mara nyingi utamkuta Yesu ukutani: nywele za kahawia zinazometa, ndevu zilizochanwa, macho yametazama pembeni kwenye mwanga. Mara nyingi uso huo ni nakala au kitukuu cha mchoro wa Warner Sallman, Mprotestanti wa Chicago, aliouchora mwaka 1940 na ambao ulichapishwa kwa mamilioni ya nakala. Ukishauona mara mbili tatu katika kalenda ya duka la mbolea, unaanza kuuona kila unapofumba macho kusali. Halafu kuna filamu ya maisha ya Yesu ya mwaka 1979, iliyotafsiriwa kwa lugha nyingi za Kenya na kuonyeshwa vijijini kwenye shuka jeupe, ikiwa na mwigizaji Mwingereza anayetembea, kuongea na kufufuka. Kama kuna mfano uliochongwa ukaingia akilini mwa watoto wa mlimani na kukataa kutoka, ni huo. Mzee aliyekuwa akisali kuelekea mlima chini ya mugumo hakuwa na uso wa Mungu hata mmoja wa kuonyesha. Tulipomwokoa kutoka katika ibada ya sanamu, tukampa kalenda.

Tutoke nje sasa, tusimame mbele ya bango la mkutano wa injili lililobandikwa ukutani stendi ya magari. Mtume yuko katikati, suti ya buluu, kitambaa cha mfuko wa juu kimekunjwa pembe tatu, mkono mmoja umeshika kipaza sauti na mwingine umenyooshwa kama wa mtu anayeizuia mvua. Kando yake yuko mkewe, amepunguzwa kidogo ili asimzidi kimo. Nyuma yao kuna moto, na juu ya moto njiwa. Majina ya wageni waalikwa yamepangwa kwa vyeo, kila jina na kichwa chake ndani ya duara. Chini kabisa, herufi zikiwa ndogo kuliko za nambari ya M-Pesa ya sadaka, ndipo lilipo jina la Yesu. Bango hilo lina kila kitu ambacho Mprotestanti wa karne ya 16 alikichukia katika picha ya mtakatifu: mtenda miujiza, mwanga kichwani na mahali pa kutolea fedha. Tofauti ni kwamba mtakatifu wa zamani alikuwa amekwisha kufa na hakuhitaji gari.

Na kanisani je? Kando ya mlango kuna jiwe la msingi, la marumaru, limeandikwa kwa dhahabu jina la mheshimiwa aliyeliweka, cheo chake na tarehe. Vizazi vitapita mlangoni hapo vikisoma jina la mbunge aliyeleta mabati na bahasha. Harambee ilimpa nafasi hiyo, na mimbari pia, mpaka Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipotangaza kwamba wanasiasa hawatazungumza tena katika ibada za Kanisa Anglikana. Kwamba tangazo hilo lilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza ni ushahidi tosha wa jinsi desturi ilivyokuwa imezoeleka. Nchi yenyewe imeonyesha unafiki kama huo kwa njia ya kiserikali: Katiba ya 2010, ibara ya 231, ilikataza picha ya mtu yeyote katika noti na sarafu, na noti mpya zilipozinduliwa tarehe 1 Juni 2019, zikawa na jengo la KICC pamoja na sanamu ya Jomo Kenyatta iliyo mbele yake. Watu wakaenda mahakamani. Sura iliyofukuzwa mlangoni iliingia kupitia mandhari.

Mtetezi wa rai atasema hakuna anayeabudu bango, kalenda wala jiwe la msingi. Naam, huenda ni kweli. Lakini akishasema hivyo amekubali kwamba kipimo ni ibada na si umbo, na hicho ndicho kipimo anachomnyima jirani yake. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Ama picha zote zihukumiwe kwa umbo, na tuanze na zile zinazotulipia umeme wa jukwaa, ama zote ziulizwe swali la Finehasi.

4. Pepo wanaochagua majengo

Mjini Meru kuna jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za ukoloni, ambalo sasa ndilo Makumbusho ya Meru. Katika ofisi za namna hiyo ndimo kodi za vibanda zilimopangwa, vibarua vya lazima vikaamriwa, na wazee wakatozwa faini kwa sheria ambazo hawakuzitunga. Watoto wa shule hupelekwa hapo kwa basi, na hakuna mchungaji anayetangulia na chupa ya mafuta ya upako kuyafukuza mapepo ya dola ya Uingereza. Nenda sasa Nchiru, Tigania, ilipo nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee lililowaamulia Wameru kesi za ardhi na damu kabla ya mkuu huyo wa wilaya kuzaliwa. Hapo ndipo mapepo yanasemekana kuishi. Ni mapepo ya ajabu sana haya: yanaogopa majengo ya wakoloni, na yanapenda kukaa tu mahali ambapo Mwafrika alijiamulia mambo yake.

Agosti 2015, Kisumu ilituonyesha tabia hii inafika wapi. Wasingasinga walikuwa wamesimamisha mnara kuadhimisha miaka mia ya jamii yao mjini humo. Baadhi ya Wakristo waliandamana wakidai ni wa kishetani, na mnara ukaondolewa haukumaliza hata mwezi. Watu walioishi pale karne nzima, wakafungua karakana na kujenga maghala, waliambiwa kwamba alama ya kuwepo kwao ni tishio la kiroho. Kisumu ni mbali na mlima, lakini hoja iliyotumika ni hiihii, na mtu anayeishangilia Runyenjes hawezi kujifanya haelewi ilichofanya Kisumu.

Kuna jambo la kuchekesha zaidi ndani ya hofu hii. Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8, anawaambia waumini kwamba sanamu si kitu duniani. Mkristo anayeisadiki barua hiyo angepita kando ya mti au mnara wa saruji kama anavyopita kando ya nguzo ya umeme. Anayeukemea, anayeupaka mafuta, anayefunga siku tatu ili uanguke, ameupa heshima ambayo wazee wenyewe pengine walishaacha kuupa. Katika kijiji ambacho hakuna tena anayepeleka mbuzi mugumoni, mtu wa mwisho kuamini nguvu za mti huo ni mhubiri. Ndiye pekee anayeufanyia ibada kila mwaka.

5. Hasara zisizoandikwa popote

Usafishaji huu una gharama, na kwa kuwa hakuna anayezijumlisha, huonekana kama wa bure. Ya kwanza ni miti yenyewe. Masimulizi ya Waembu yanaweka chimbuko lao katika kichaka cha Mwenendega, karibu na Runyenjes. Mbeere nako koo zilikuwa na vichaka vyao. Tangu ardhi ianze kugawanywa kwa hati miliki, kichaka kilichojikuta ndani ya shamba la mtu kina mlinzi mmoja tu, nayo ni heshima ya watu. Ondoa heshima hiyo kwa mahubiri na msumeno unabaki bila pingamizi. Pepo akishatolewa mtini, gogo huuzwa kuni na makaa, na inashangaza jinsi ukombozi wa kiroho unavyoendana na bei ya gunia. Chemchemi iliyokuwa chini ya kivuli hicho haihudhurii ibada ya shukrani.

Ya pili ni historia. Meru ilimtoa Musa Mwariama, mmoja wa viongozi wa Mau Mau waliobaki msituni hadi Desemba 1963. Ilimtoa pia Jenerali Baimungi Marete, aliyeuawa na vikosi vya serikali huru mwaka 1965, zaidi ya mwaka mmoja baada ya bendera kupandishwa. Embu ilimtoa Jenerali Kubukubu. Na mwaka 1956, wazee wa Njuri Ncheke walipopiga marufuku ukeketaji, jambo ambalo wamisionari walikuwa wamelililia kwa miongo, wasichana wa Meru waliasi wakajikata wenyewe, wakaitwa Ngaitana, na maelfu ya watu wakashtakiwa. Hizi si hadithi za kupendeza. Ndani yake kuna Wakristo waliouawa na Mau Mau, wapiganaji waliosalitiwa na Uhuru, wasichana walioitetea desturi iliyowaumiza. Hadithi ngumu kama hizi ndizo zinazohitaji jiwe la hadharani, mahali ambapo mtoto anauliza na mtu mzima analazimika kujibu. Jamii isiyo na mahali hapo haiwi safi. Huwa na usahaulifu, na msahaulifu humwamini yeyote mwenye kipaza sauti. Ndiyo maana majina ya mashujaa hawa husikika zaidi kwenye majukwaa ya kampeni, kila mgombea akiwagawia maneno ambayo hawakuyasema.

Ya tatu ni shukrani. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, katika ardhi iliyotolewa na jamii kupitia Njuri Ncheke. Watoto wa waumini wanasoma uhandisi katika shamba la wale wanaoitwa waabudu mizimu. Shahada zinapokelewa, mtoaji wa ardhi anakemewa.

6. Hofu na fedha

Imebaki hoja ya tatu na ya nne. Ni kweli kwamba vituo vya kale vilikuwa na mamlaka ya kutisha. Kiapo kilitumika kuwabana watu, Njuri ni baraza la wanaume ambalo mwanamke hakuwa na kiti ndani yake, na hakuna sababu ya kuyapaka mambo haya asali. Lakini mahali panapohifadhiwa na kuelezwa hapana budi kueleza na hilo pia. Aliyesoma habari za kiapo mbele ya nyumba kilimotolewa yuko salama kuliko aliyekatazwa kupita njia hiyo, maana hofu hukua gizani. Kuhifadhi si kutii. Hakuna anayedhani kwamba mtoto anayezuru ofisi ya zamani ya mkuu wa wilaya anajiandaa kulipa kodi ya kibanda. Tena tangu enzi za ukoloni wamekuwepo Wakristo wasomi waliojiunga na Njuri, na Umethodisti wa Meru haukufa. Kama mguso wa mila ungekuwa sumu inavyodaiwa, kanisa la Kaaga lingekuwa gofu.

Kuhusu fedha, hoja kwamba zingenunua dawa ni ya kale, na Mprotestanti anayejua Biblia yake anapaswa kuona haya anapoitumia. Katika Yohana 12 mwanamke anamwaga marhamu ya thamani miguuni pa Yesu, na anayelalamika kwamba ingeuzwa wakapewa maskini ni Yuda Iskariote. Na kama hesabu ya dawa ndiyo kipimo, ipigwe kote: katika mnara wa kengele, vigae vya madhabahuni, mfumo wa sauti unaosikika tarafa mbili, kiti cha askofu chenye miguu ya simba. Wasiwasi kuhusu kodi una uzito wake, na dawa yake ni ukaguzi wa hesabu, zabuni ya wazi na wananchi kuulizwa kabla. Hakuna sababu ya kumkabidhi shetani kazi ya mkaguzi wa hesabu za kaunti.

Kipimo kimoja

Kinachotakiwa si kila kona ya Makutano iwe na shujaa wa saruji. Minara mingi inayosimamishwa na serikali ni mibaya kwa sura na kwa nia, na ipingwe kwa sababu hizo. Kinachotakiwa ni mizani moja. Kanisa linaloamini kwamba umbo lenyewe ni dhambi lianze kwake: literemshe kalenda, lichane mabango, ling'oe mawe ya msingi yenye majina ya waheshimiwa, limwambie mtume aondoe uso wake kwenye vitenge vya kina mama. Likifanya hayo litakuwa na haki ya kuzungumza juu ya mugumo, na huenda hata wazee wakalisikiliza. Kanisa linaloona hilo ni kupita kiasi limeshakubali kwamba picha na jiwe vinaweza kukaa bila kuabudiwa, na halina budi kuwapa wengine nafasi ileile linayojipa. Kati ya misimamo hiyo miwili ipo njia ya tatu, ya kuziona sanamu za wasio na nguvu tu, na ndiyo tunayoifuata sasa. Njia hiyo haina fungu la Maandiko la kuitetea. Ina faida tu: haimgharimu mwenye nguvu chochote, na humwacha kila mhubiri na uso wake ukutani.